Ufito wa Kinanda

Hadi leo sijui yule mchonga vinyago alijuaje kipimo bila kupima. Katika kinanda cha mabomba cha kanisa la Kilutheri kule Wote, ufito wa mbao unaolifungulia bomba moja hewa ulivunjika, na wazee wa kanisa wakatafuta mtu Nairobi wa kukinunua kinanda. Kabla hakijauzwa, mchongaji huyo akaja kujaribu kuutengeneza.

"Pima kwanza, fundi," mama aliyekipiga kinanda kila Jumapili alimsihi mchongaji. "Huu ufito si twiga wa watalii."

"Hata twiga simpimi, mama. Wewe bonyeza."

Akafumba macho, kidole juu ya ufito wa jirani unaocheza, kisha akachonga mwingine kwa kisu tu. Bomba likaimba.

Wazee wakaamua kinanda kibaki. Aliyemwandikia mnunuzi barua ya kumkatalia ni mzee yuleyule aliyekuwa wa kwanza kutaka kiuzwe.