Koti la Kodrai na Picha ya Jumamosi

Wiki hii nimetazama picha tatu. Nimehesabu mara mbili, ni tatu. Biashara ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja ikidoda, hasa asubuhi za mvua, mtu hana la kufanya ila kuegemeza simu kwenye robota la nguo na kuangalia watu wengine wakipata shida.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Wazungu. Magari yanaruka, majumba yanaanguka, na kwa saa mbili na robo hakuna hata mmoja aliyekula. Wanakimbia tu, hata maji hawanywi. Halafu giza mwanzo mwisho, kama vile umeme wa kwao nao unakatika. Ya pili ilikuwa ya kwetu hapa hapa, ya familia tajiri inayolia. Kochi lao jekundu nimeshaliona kwenye picha nne. Akifa tajiri wa picha hii, kochi linarithiwa na tajiri wa picha ile. Nimejaribu pia tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili, ila sizihesabu kwa sababu sikumaliza hata moja. Sauti zimepigwa pasi mno. Binti anafukuzwa kwao kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.

Ya tatu ndiyo iliyoniharibia wiki. Ni picha ya zamani ya Kihindi, nimeikuta mtandaoni bila kuitafuta. Jina lake sikulijua hata siku ile ya kwanza. Nimeitambua kwa wimbo: mama anapuliza moto jikoni huku anaimba, moshi unamwingia machoni lakini haachi kuimba. Nilipousikia, niliangalia mkono wangu wa kushoto kabla hata sijaangalia kioo cha simu. Huo ndio mkono ambao bibi aliushika tulipoitazama pamoja, miaka hiyo nikiwa darasa la tano, na sikumbuki kama aliwahi kuuachia.

Tulikaa Mabatini, kule juu kwenye mawe. Unajua nyumba za kule. Yetu ilikuwa na kuta tatu za tofali, ya nne lilikuwa jiwe lenyewe, na mvua ikinyesha jiwe lilitoa jasho mpaka vitandani. Baba na mama walibaki Magu kwenye pamba, mimi nikaletwa kwa bibi mzaa baba nisome mjini. Kutoka bombani hadi mlangoni kulikuwa na ngazi za mawe, sitini na nne ukipanda na ndoo, sitini na tatu ukishuka. Ile moja sijui ilikuwa inakwenda wapi. Nilikuwa nazihesabu kwa sababu bibi alihesabu kila kitu mara mbili, kuku, vikombe, vipande vya samaki, na sisi wenyewe. "Hesabu ya kwanza ni ya macho," alikuwa akisema, "ya pili ndiyo yako." Kila ninachokijua sokoni kimetoka hapo.

Msimu wa viazi vitamu alivimenya, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya lile jiwe kubwa mbele ya nyumba mpaka vikauke viwe michembe. Jiwe zima lilikuwa jeupe. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwa fimbo na kugeuza vipande jua likihama. Michembe ilichemshwa na karanga za kutwanga, na harufu yake ilishuka mlima kabla yetu. Wakati huo huo, kutoka bondeni, ilipanda sauti ya jenereta. Sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu: banda la video limefunguliwa.

Lilikuwa banda la mabati kando ya mfereji, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani TV ya chogo na deki iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Tuliliita kibanda umiza, na mabenchi yake yaliumiza kweli. Mimi na rafiki yangu tulibishana na mlinzi wa mlango kila wiki kwamba wasichana wawili wembamba wanakaa nafasi moja, kwa hiyo ni mtazamaji mmoja. Alikubali, mpaka rafiki yangu aliponenepa.

Lakini watu hawakwenda kuangalia TV. Walikwenda kumsikiliza mtafsiri. Alisimama pembeni ya kioo na kipaza sauti, shati jeupe limelowa mgongoni, akawasemea wote, wanaume, wanawake na mbwa. Kama picha ilikuwa ya Ulaya na theluji imejaa, alitangaza, "Hapa jamani ni mwezi wa saba, pamba imefunguka." Wamama wote walitikisa kichwa kukubali. Mimi niliyetoka Magu niliamini kabisa kwamba Wazungu ni wakulima wa pamba wavivu, kwa sababu niliwaona wakiikanyaga na hakuna aliyevuna. Chini ya picha yalipita maandishi meupe ya Kiingereza, ambayo hakuna aliyeyajali. Tulikuwa na mtu wa kutuambia.

Sasa, baba mdogo. Alikuwa kitinda mimba wa bibi. Alivuka Busisi kwa kivuko akaenda machimboni upande wa Geita, akiwa amevaa koti la kodrai la kahawia ambalo bibi alimnunulia. Alikuja mara mbili, akaacha kuja. Mwaka uliofuata alikuja mtu mwingine, mchimbaji mwenzake, amelibeba lile koti mkononi. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji wote, ndipo akasema shimo lilititia na watu watatu, baba mdogo akiwamo, hawakutolewa. Koti lilikuwa juu, lilitundikwa mtini.

Bibi alilipokea, akalitundika kwenye msumari. Kwa wiki mbili alikaa akilitazama. Shangazi, binti yake mkubwa, alikuja kutoka Kisesa kusaidia, na polepole, jioni baada ya jioni, walikubaliana. Matanga yafanyike. Bibi mwenyewe alitaja siku. Mchele ulichaguliwa mawe, nywele zingenyolewa Jumatatu.

Jumamosi shangazi akasema mama yake ametazama ule msumari vya kutosha, atoke nje kidogo. Jumamosi mchana ilikuwa siku ya akina mama pale bandani. Bibi alikuwa hajawahi kuingia. Alivaa viatu vya kanisani, tukashuka naye mimi na shangazi. Alipokaa aliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Hao watu wadogo hivyo wanakula nini humo?" na banda zima likacheka, na yeye akacheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka kabla ya mambo kuharibika, ndiyo maana naitaja.

Picha ilianza. Mama anaimba jikoni, mwanawe anapanda treni kwenda kuvunja mawe mbali. Bibi akashika mkono wangu. Watu wanamletea yule mama habari kwamba mwanawe amekufa, yeye anawatimua kwa ufagio. Kisha nyimbo, nyimbo, nyimbo. Mwishoni kabisa, mwanamume mwenye ndevu anakuja getini na koti mkononi. Yule mama anaangusha chungu, anamkimbilia na kumkumbatia, wanalia. Mtafsiri aliinua sauti mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi: "Mama, mimi hapa. Walikudanganya, mama. Nimekonda tu kwa safari."

Banda lote lilikuwa linalia. Bibi hakulia. Alisema taratibu kwa ule ulimi wake wa Kisukuma, "Ameludi." Akarudia, kama anavyorudia hesabu. "Ameludi."

Hatukufika hata ngazi ya kumi wakati wa kupanda, akasimama.

"Mchele urudishwe kwenye gunia," alimwambia shangazi.

"Mama, ile ni picha tu."

"Na yule wa koti alikunywa uji wangu wote, ndipo akasema. Mwenye msiba anamaliza uji?"

"Mama."

"Umeona mwili? Mimi nimeona koti. Koti si mtu, ng'wanawane."

Alimwita hivyo, mwanangu, kwa Kisukuma, na alipotumia Kisukuma mjadala ulikuwa umekwisha. Matanga hayakufanyika. Kuanzia hapo kila msimu alitenga debe moja la michembe. "La baba yako mdogo hilo, usiliguse," aliniambia. Debe lilikaa mwaka mzima, wadudu wakachukua chao, msimu mpya ukifika analitoa la zamani tule sisi na kujaza jipya. Nimekula michembe ya mtu asiyekuwepo mpaka nikaijua ladha yake, vumbi na uchungu mdogo wa mwisho.

Shangazi alimjengea chumba Kisesa, mahali tambarare, bomba lipo uani. Alimbembeleza kila mwaka. Bibi alijibu kila mwaka, "Akija akanikuta sipo?" Magoti yalimchoka, macho yakaingia ukungu, na bado alipanda na kushuka. Siku moja ya mvua aliteleza akiwa na ndoo. Ni ngazi ya ngapi kutoka chini, nilihesabu mara moja tu. Alilala miezi mitano, nyonga haikuunga. Tulifanya matanga ya watu wawili siku moja, tukapika mara moja, na lile koti tukamzika nalo.

Ndiyo maana wiki hii, picha ilipofika mwishoni, nilimwambia mteja asubiri. Simu ina kitu ambacho deki ya banda haikuwa nacho kwa ajili yetu: unaweza kuisimamisha. Mtu mwenye ndevu akafika getini. Nikasimamisha. Maandishi yalikuwa yale yale meupe, na Kiingereza changu si kikubwa lakini kinatosha kununua robota. Nikasoma. Nikarudisha nyuma, nikasoma tena. Yule si mwana. Ni rafiki wa mwana. Anasema: mama, wewe ulikuwa na haki ya kutotuamini, ila mwanao alikufa mikononi mwangu, na hili ni koti lake.

Nilifunga meza saa sita mchana, kitu ambacho sijafanya tangu nianze biashara. Niliuliza watu watatu nikaelekezwa Butimba. Mtafsiri yupo. Amekuwa mzee, ana kibanda chenye kompyuta moja, anawaingizia watu picha na nyimbo kwenye flashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Flashi au memori?"

"Sina flashi. Nina swali."

"Maswali hayajai haraka. Keti."

Nikamwonyesha mwisho wa ile picha kwenye simu. Aliangalia, akatabasamu, akavua miwani. "Hii nimeitafsiri sana," alisema. "Ilikuwa na miisho miwili."

"Hapa naona mmoja."

"Huo ni wa kwao. Ya kwangu ilikuwa miwili. Jumapili, wavuvi na makuli wamejaa, mwana anakufa na rafiki anaapa kulipa kisasi. Wanapenda hivyo. Jumamosi, wamama, mwana anarudi. Wamama wakitoka na huzuni Jumamosi ijayo hawaji."

"Kwa hiyo ulijua alichosema yule mtu."

"Nilikuwa nasoma kidogo. Hata pamba nilijua si pamba. Ningesema theluji nani angenielewa?"

Nikamweleza habari za bibi, zote, kuanzia msumari hadi ngazi. Sikupandisha sauti. Sokoni nimejifunza kwamba anayepandisha sauti ndiye anayeshusha bei. Alinisikiliza akipangusa miwani kwa shati, kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nisingeweza kujua nani amekaa na msiba wake kwenye benchi langu. Wewe ulikuwa darasa la ngapi?"

"La tano."

"Kiingereza mlikuwa mnafundishwa?"

Nikaizima simu.

"Maandishi yalikuwepo pale chini," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba umesahau chenji mezani.

Sasa nikwambie kitu ambacho shangazi hajawahi kukisikia. Siku ile bandani, mtafsiri akiwa anapiga kelele, mimi nilikuwa naangalia chini ya picha, kwa sababu nilikuwa wa pili darasani kwa Kiingereza na nilipenda kujionyesha. Nilidaka neno moja. Nikaliweka kichwani herufi kwa herufi, na Jumatatu nikampelekea mwalimu kwenye kiganja, limeandikwa kwa wino. Alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua hata kichwa. "Amekufa," alisema. Nikamshukuru. Nikaliandika kwenye daftari la msamiati, maana yake mbele yake, kwa mwandiko mzuri.

Nilipanda ngazi zangu sitini na nne. Bibi alikuwa ameinama juu ya jiwe anaanika viazi, ananung'unika wimbo wa yule mama kwa maneno yake mwenyewe. Aliponiona alisema, "Njoo tuhesabu beseni." Tukahesabu beseni. Nikajiambia neno moja si hadithi nzima. Nikajiambia nitasema kesho. Mtoto wa miaka kumi na moja anasamehewa, sawa, ila bibi alijaza lile debe misimu tisa, na msimu wa tisa mimi nilikuwa na miaka ishirini.

Nilirudi kutoka Butimba kwa kupitia Mabatini. Banda limekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Lile jiwe la kuanikia limepasuliwa kokoto, limebaki shimo lenye maji ya mvua na chupa. Busisi nako siku hizi kuna daraja, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko nusu siku. Anayetaka kurudi kutoka Geita anavuka kwa dakika chache. Njia ipo, aliyekuwa anaisubiri ndiye hayupo.

Nimehesabu waliomdanganya bibi. Hesabu ya kwanza niliifanya pale kwenye robota, simu mkononi, nikapata mmoja, ndipo nikaenda kumtafuta. Ya pili nimeifanya nikishuka ngazi zile. Ni wawili.