Mtani wangu alivyofungiwa melini Mtwara, na nilivyojua tofauti ya convince na persuade

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni muongo, wajukuu zangu wote watawathibitishia. Ila hiki cha leo ni kweli tupu, kasoro pale kwenye kunguru.

Nimeona humu vijana mnabishana eti convince na persuade ni kitu kimoja. Mimi darasa sijakanyaga hata la kwanza, lakini hayo mawili nayajua kuliko jina la mama mkwe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nabeba magunia bandarini Mtwara. Msimu wa korosho. Jua lile, kunguru wanaanguka chini wameshaiva.

Tulikuwa na karani wetu wa kuhesabu mzigo, Mpare, Bwana Eliezeri. Saa ya kula sisi tunatafuna muhogo, yeye anatupa Kiingereza na asili yake.

Akasema convince, huko kwenye Kilatini, ilikuwa kumshinda mtu kama vitani. Unampiga kwa hoja mpaka kichwa kinasalimu amri.

Persuade imetoka kwenye utamu. Unamlainisha mtu mpaka miguu inanyanyuka yenyewe.

Coax ilianza kwa kumfanya mtu mjinga. Entice, kumsogezea kijinga cha moto.

"Shikeni hivi," akasema. "Convince ni ya kichwa. Persuade ni ya miguu."

Tukacheka, tukarudi kazini.

Sasa nilikuwa na mwenzangu Kosmas, Mngoni wa Songea. Mtani wangu. Enzi zile kila mtu ni Ndugu Fulani, hata adui yako. Kosmas tu ndiye sikumwita ndugu. Mimi namwita "mtumwa wangu", yeye ananiita "mla panya". Siku ikipita hatujatukanana, mmoja wetu mgonjwa.

Na siku hiyo alikuwa mgonjwa kweli. Homa.

Mchana tumemaliza kupakia, tumepanda juu kutoka tumboni mwa meli, msimamizi anaita majina. "Kosmas!" Kimya. Nikajua kaenda chooni. Sisi tulikuwa na desturi ya kuitikiana, mwenzio asiandikwe mtoro.

Nikabana sauti: "Nipo!"

Akaweka alama.

Mabaharia wakafunga mfuniko wa tumbo la meli. Kinachofuata pale ni dawa ya kuua wadudu. Moshi ule hauchagui mdudu na Mngoni.

Ndipo nikaona makatambuga ya Kosmas pembeni ya mfuniko. Tulikuwa tunavua kabla ya kushuka kwenye magunia.

Wakuu, kumbe bado yumo mle chini!

Nikapiga kelele: "Mtumwa wangu yumo ndani!"

Watu wakacheka! Kila siku nilikuwa namzika Kosmas kwa mdomo, nani aniamini?

Nikamkimbilia karani. "Bwana Eliezeri, kuna mtu mle."

"Wewe jana umeniambia nyangumi kaonekana mtaani Rahaleo."

"Niliitikia mimi jina lake! Ndugu yangu Kosmas yumo mle ndani!"

Karani akainua uso. "Umemwitaje?"

"Ndugu yangu."

Hakuuliza tena. Akachukua yale makatambuga, mbio kwa ofisa wa meli, Mzungu mwenye ndevu nyekundu. Wanaume wawili tayari wana mikebe ya dawa mikononi.

Karani akaanza vita. Anaonyesha viatu, anaeleza homa, anaeleza mimi nilivyoitikia. Mzungu anagonga orodha kwa kidole: wote wametoka. Viatu si mtu. No!

Mkebe wa kwanza ukaanza kufunguliwa.

Nikamuona karani anabadilika. Akashusha sauti, akatabasamu hadi meno ya nyuma. Baadaye alitueleza alichosema:

"Mzee, orodha yako iko sawa. Ila huyu mwehu atatupigia kelele hapa mpaka jioni. Mfungulie dakika tano, aone mwenyewe, tumcheke, nawe uondoke kwa raha."

Mzungu akanitazama. Nalia kamasi. Akacheka, akapunga mkono.

Wakafungua.

Kosmas tulimkuta nyuma ya magunia, amejikunja, anatetemeka, hajui hata wapi alipo. Tukamtoa kwa kamba.

Mzungu akawa mweupe zaidi ya alivyokuja.

Mnaona, vijana? Yule hakuwa convinced hata chembe. Alifungua akijua hamna mtu. Kichwa kilikataa, miguu ikakubali.

Kosmas kupona, karani akamsimulia nilivyomwita ndugu. Kumbe nimejiponza! Miaka yote, kila akiniona: "Hee, ndugu yangu mla panya!"

Amefariki mwaka jana, kwa uzee. Nilikwenda Songea, nikafanya utani wangu wote. Nililala mbele ya jeneza, nikasema mtumwa wangu hatoki bila ruhusa. Watu wakacheka na machozi.

Lakini waliposoma jina lake pale kaburini, nilifumba mdomo.

Funzo langu: ukitaka kumuokoa mtu, usihangaike kushinda ubishi. Na jina la mwenzio usiliitikie.

Haya, nani humu ameshawahi kuitikia jina la mtu? Semeni, leo sicheki.