Kwenye Picha Ilikuwa Krimu

Shemeji yangu alikuwa akiiita simu yangu chapati. Kila alipokuja kutoka kazini Thika kumwona mkewe, kabla hata ya kukaa aliiokota mezani, akaigeuzageuza kwa vidole viwili na kuniuliza kama imeiva pande zote.

Ni nyembamba, sikatai. Niliinunua mwenyewe Thika, kwa bei ambayo kwa simu ya shemeji, nikitia chumvi kidogo tu, ingetosha kifuniko na chaja. Inashika laini mbili, za mtandao wowote, tangu siku ilipotoka kwenye boksi. Yake ni ile kubwa kabisa, ya kamera tatu mgongoni, ambayo watu huiweka mezani hotelini ili mhudumu aione. Aliletewa na binamu yake kutoka ng'ambo, na ilipofika ikagunduliwa kuwa imefungwa kwa mtandao wa huko. Ililala kwa fundi wiki nzima kabla ya kukubali laini ya Kenya.

"Yangu ilizaliwa huru," nilikuwa nikimwambia. "Yako iko nje kwa dhamana."

"Sawa, shemeji. Lakini camera ni camera."

Hapo ndipo aliponigusa kidonda. Mimi hushona mapazia, nina kibanda Ruiru, na simu ndiyo dirisha la duka langu. Napiga kitambaa picha, namtumia mteja, akipenda nashona. Kwa hivyo mtu akiidharau kamera yangu anadharau riziki yangu, na mimi si mtu wa kunyamazia hayo. Tulibishana kuhusu simu hizo mbili hadi mdogo wangu akatuomba tukabishanie nje.

Mdogo wangu ndiye mkewe. Mama yetu hayupo tena, kwa hivyo alipokaribia kujifungua alikuja kwangu Gitothua nimlee, na baadaye nimpikie maharagwe ya njahi na uji hadi apate nguvu. Kabla ya mtoto huyu alikuwa amepoteza mimba mbili. Sote tulijua, na hakuna aliyelitaja. Tulikuwa tukinyata nyumbani kana kwamba kelele zingeweza kumrudisha mtoto alikotoka.

Jumamosi hiyo mtoto alikuwa na siku nne, na wageni walikuja mchana. Shosho wa jirani, bibi mzee ambaye hajawahi kukosa mtoto mchanga wala chai, alimpokea, akamfunua uso na kupiga ukelele wa furaha.

"Kai! Hii ni brown kabisa! Hii imetoa wapi hii rangi?"

Swali zuri, kwa sababu kwetu hakuna mweupe, na kwa kina shemeji hakuna pia. Lakini nani huuliza baraka imetoka wapi? Mgeni mwingine akasema huyo ni rangi ya thao, jinsi vijana wanavyowaita warembo weupe kwa sababu ya noti ya elfu moja. Tukacheka. Wakasifu pia utulivu wake. Tangu waingie hakuwa amelia hata mara moja.

"Hasumbui huyu," shosho akasema. "Mama yake ako na bahati."

Shemeji akatoa simu yake kubwa. Jamaa zake walikuwa wakidai picha kwenye kundi la familia tangu mtoto azaliwe, naye alikuwa akingoja apate moja ya maana. Mtoto alikuwa amelala kwenye shali jeupe juu ya kochi. Shemeji akapiga magoti, akapiga picha, akaitazama, akakunja uso. Akapiga nyingine. Akavuta pazia, akapiga ya tatu.

"Hii inatoka yellow," akasema. "Tangu yule fundi aifungue, rangi zake haziko sawa."

Akazifuta zote. Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani mwangu. Akaninyooshea mkono.

"Hebu leta chapati."

Nilimpa huku nimevimba kichwa. Picha ilitoka mara ya kwanza, nzuri ajabu. Mtoto alikuwa laini, krimu yenye wekundu kidogo mashavuni, bila doa. Hata shosho akasema hii ndiyo simu. Shemeji akaituma kwenye kundi la familia kutoka kwangu hadi kwake na kwake hadi kwao, na hakusema kitu. Nikasema mimi, kwa niaba yake, mbele ya wageni wote. Nilisema mambo mengi, hata kwamba yangu iko sawa na flagship, zile simu za bei ya juu kabisa. Nilikuwa na furaha, na sitaki kuificha furaha ile kwa sababu ya kilichofuata.

Mdogo wangu hakuwa akicheka. Alikuwa amempakata mtoto na kumpa titi kwa mara ya tatu tangu wageni waingie. Mtoto alishika, akavuta kidogo, akaachia na kulala. Mamake akampapasa kisigino ili aamke. Hakuamka.

"Hajanyonya vizuri tangu asubuhi," akasema, sauti ya chini, kwangu tu.

"Mwache arare," shosho akamjibu, maana masikio yake hayajazeeka. "Mtoto akirara ndio anakua."

Nilitaka kumwamini. Mdogo wangu alinitazama jinsi alivyokuwa akimtazama mama tulipokuwa wadogo, akitaka aambiwe kwamba hakuna kitu, na mimi nikafungua mdomo nimwambie hakuna kitu.

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mteja wa Mwiki, niliyempelekea mapazia ya sebuleni asubuhi ile.

"Mama pazia, hii sio rangi ulinionyesha. Kwa picha ilikuwa cream. Hii ni yellow."

Nikaanza kumwandikia jibu la kumnyoosha. Lakini nilijua ana haki, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Simu yangu ina tabia hiyo. Hung'arisha kila kitu bila kuombwa. Nyuso huzilainisha, za watu wazima huziondolea makunyanzi, na kitambaa chenye unjano hukipausha kikawa krimu. Kwa sababu hiyo nikipiga kitambaa hukipeleka mlangoni, kwenye mwanga wa nje, na kuweka kipande cheupe kando yake ili tofauti ionekane. Kile cha Mwiki nilikuwa nimekipiga ndani, kwa haraka.

Kwa picha ilikuwa krimu. Nikaisoma tena. Kisha nikainua macho, nikamwona mtoto mapajani mwa mamake, juu ya lile shali jeupe.

"Shemeji," nikasema, "zile picha umefuta ziko wapi?"

"Za nini tena?"

"Zitoe."

"Shemeji, si umeshinda? Wacha basi."

"Zitoe!"

Sikukusudia kupiga kelele. Shemeji akaingia kule ambako simu huweka vilivyofutwa, akarudisha moja, na nikazilaza simu mbili mezani, kando kwa kando. Kwenye yangu kulikuwa na mtoto wa krimu. Kwenye yake kulikuwa na mtoto huyohuyo, shali hilohilo, lakini njano kama ndizi iliyoiva, hadi masikioni.

Mdogo wangu alisogea akazitazama.

"Mtoto wangu ni yupi hapo?" akauliza.

"Ni huyu wa chapati," shemeji akasema haraka. "Nimewaambia yangu iko na shida ya rangi."

"Yako haina shida," nikamwambia. "Ni yangu inadanganya."

"Si wewe umesema sasa hivi iko sawa na flagship?"

"Nimesema! Na nakuambia inadanganya!"

Hatukuwa tumewahi kubishana hivyo, kila mtu akiitetea simu ya mwenzake. Alikuwa amepauka. Nadhani alikuwa ameshaelewa tangu nilipomwambia azitoe, na alikuwa akipigania picha ile nzuri kwa sababu ikishindwa, hakuna kitu kingine kingebaki cha kupigania.

Nilimchukua mtoto mikononi mwa mamake, nikampeleka mlangoni kama kitambaa. Nje kulikuwa na jua la alasiri. Nikamkandamiza ncha ya pua kwa kidole, nikaachia. Mahali pale hapakuwa peupe wala pekundu. Palikuwa manjano. Nikamfunua jicho moja polepole, na weupe wa jicho lake haukuwa weupe. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba nilimfunua jicho kwenye jua na hakulia.

Nina mteja ambaye ni muuguzi wa watoto wachanga katika hospitali moja ya Thika. Shemeji alijaribu kumpigia kwa simu yake, mtandao ukakataa. Nikajaribu laini yangu ya kwanza, ikakataa pia. Ya pili ikashika.

"Manjano imefika wapi?" akauliza. "Mfungue nguo."

Nikamfungua. Ilikuwa imepita kifua, imepita tumbo, iko mapajani.

"Ananyonya?"

"Hapana."

Nilisikia mashine zikilia huko alikokuwa.

"Skiza, msingoje kesho. Msimweke kwa jua mseme itaisha, haitaisha na jua. Kujeni sasa hivi, na mamake akuje."

Shosho ndiye aliyekimbia, na umri wake wote, kumwita jirani mwenye gari. Njia nzima hadi Thika mdogo wangu alimpapasa mtoto wayo, akimwita. Hatukuwa tumempa jina la kumwita kila siku bado, kwa hivyo alimwita tu mtoto. Mtoto, amka. Mtoto, mama yako ni mimi. Shemeji alikuwa mbele na dereva, na sikuona uso wake, niliona shingo tu.

Walimtoa damu mara tulipofika. Daktari alikuwa kijana mpole, na upole wake ulinitisha. Alisema kiwango cha manjano kiko juu sana. Wangemweka chini ya taa maalumu usiku kucha. Kisipoteremka, ingebidi wambadilishe damu, kwa sababu manjano ikizidi inaweza kuingia kwenye ubongo, na ikishaingia haitoki.

Mdogo wangu aliuliza jambo moja tu. "Imeshaingia?"

"Hatujui bado," daktari akasema.

Wakamlaza uchi kwenye kijisanduku cha kioo, wakamfunika macho kwa kitambaa, wakawasha taa za buluu. Alikuwa mdogo sana mle ndani. Katika mwanga ule hungeweza kusema ni mweusi, ni mweupe wala ni njano. Tulisimama watatu tukimtazama kifua kikipanda na kushuka.

Ndipo simu ya shemeji ilipopata mtandao. Ikaanza kulia, mara moja, mara mbili, kisha mfululizo. Kundi la familia lilikuwa limeamka. Pongezi. Ai, ni brown! Atasumbua wasichana huyu! Rangi safi! Ametoa wapi hiyo rangi? Alisoma akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, na taa ya buluu ikimpiga usoni.

"Niwaambie nini?" akaniuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa akiyafuta.

Mdogo wangu hakugeuka kutoka kwenye kile kioo. Alinyoosha mkono nyuma, akachukua simu ya mumewe, kisha akanyoosha tena, akachukua yangu. Akazitia zote mbili kwenye mfuko wa nepi na kufunga zipu.

Asubuhi walimtoa damu tena. Tulingoja jibu kwenye benchi, hakuna aliyemgusa mwenziwe. Kabla daktari hajarudi, kelele ikatoka ndani ya chumba kile. Kilio kikavu, cha hasira, cha mtu aliyekosewa. Mdogo wangu alisimama kabla yetu sote, maana alikijua ingawa hakuwa amekisikia tangu asubuhi ya jana. Mtoto alikuwa na njaa. Daktari alipotuambia kiwango kimeteremka, alilazimika kupaza sauti ili tumsikie.

Mteja wa Mwiki nilimshonea mapazia mengine. Hakuwahi kujua kwa nini nilimshukuru badala ya kumgombeza.

Watu huniuliza dukani, wakiiona simu yangu nyembamba, kama inaweza kushindana na zile kubwa. Nawaambia inaweza. Siku ile, yenyewe ndiyo iliyompata muuguzi. Ile kubwa iliona kitu ambacho yangu haikuona, na mwenyewe akakifuta kwa sababu hakikuwa kizuri. Shemeji bado anaiita yangu chapati, na mimi bado namkumbusha dhamana. Lakini akitaka kumpiga mtoto picha, humpeleka kwanza mlangoni, na hakuna anayemcheka.

Mtoto sasa anatembea. Rangi yake halisi ilikuja, nayo ni ya babu yake mzaa mama, nyeusi ya kung'aa. Ile picha ya chapati, shangazi mmoja wa kina shemeji aliichapisha kubwa, akaitia fremu na kuileta zawadi, bila kujua. Mdogo wangu alitaka kuikataa, akashindwa, akaitundika. Kila mgeni akija huitazama, kisha humtazama mtoto, na mwishowe huuliza, kwa utani, rangi ilienda wapi.

"Hiyo haikuwa rangi," mdogo wangu husema, na kumwita mtoto aje awasalimie. Naye huja akipiga kelele nyumba nzima, na hakuna anayemwambia anyamaze.