Kitufe cha Sauti ya Bibi

Enzi zetu kompyuta ilikuwa mgeni wa heshima. Pale Mwembesongo, tulipokwenda kusomea kompyuta wakati wa likizo, viatu viliachwa mlangoni, na mashine zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Tulikaa watoto wanne kwa kompyuta moja, mmoja kashika kipanya, watatu wanamfokea: "Bonyeza! Usibonyeze!" Harufu ya maandazi ya jirani ikiingia dirishani, mwalimu wetu Zuhura alitukagua vidole visije vikapaka mafuta kibodi.

Alitufundisha kupanga vitufe kwenye kioo na kuviamuru vitoe picha au sauti. Changu cha kwanza nilikihangaikia wiki mbili, na kilipokubali nilirukaruka hadi nikakemewa.

Shida ilikuwa baba. Kiwanda chake kilikuwa kimebinafsishwa, zikaja mashine mpya, yeye akapunguzwa. "Mashine zimenitoa kazini, na wewe binti yangu unazikimbilia?" Akasema atakuja Jumamosi aone ninachojifunza. Akikuta upuuzi, Jumatatu naanza kushona kwa fundi cherehani.

Nikakimbilia Mkuyuni kwa bibi, mama yake baba, na redio kaseti nimrekodi sauti ya kuweka kwenye kitufe. Bibi akagoma. "Niongeeje na mtu ambaye hajaniamkia?" Ikabidi nimwamkie upya mbele ya redio, ndipo akaitikia. Tulipoihamishia sauti kwenye kompyuta, nikaikata yangu, ikabaki ya bibi tu.

Jumamosi baba akaja, kakunja uso. Akavua viatu, akabonyeza kitufe nilichomwonyesha. Spika zikasema, "Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

Baba akasimama wima, kofia mkononi. "Shikamoo, mama!"

Darasa zima likaangua kicheko. Naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akabonyeza tena, na tena, kila mara akitanguliza shikamoo. Jumatatu alinisindikiza mwenyewe darasani, na habari za cherehani hazikutajwa tena.

Wanangu leo wanatengeneza video kabla chai haijapoa, halafu wanalalamika simu ni nzito. Nawacheka, maana kazi yangu ya vitufe ndiyo inayowalisha. Ila bibi hayupo tena, na diski tuliyohifadhia sauti yake iliota ukungu zamani. Ningepewa nafasi ya kubonyeza mara moja tu, ningeanza na shikamoo.