Kumtafutia Mama Mkwe Mto Johannesburg

Nilisafiri ndani ya mji ninaoishi kwa sababu ya mto. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Kindu, mji wa zamani wa kwetu wenye makabila yote na mto Lualaba mbele ya mlango. Aliposikia kanisa letu la Kensington litambatiza Neema, binti yangu wa miaka kumi, ndani ya bwawa la plastiki la kujazwa upepo, aliweka kijiko chini.

"Baba Neema, mjukuu wangu haoshwi kama sahani. Nionyeshe mto, ama ninarudi naye Kindu abatizwe huko."

Kwetu mtoto akienda kwa bibi kubatizwa, anarudi akiwa na watoto wake. Mke wangu alilia chumbani. Mimi, fundi cherehani niliyeishia darasa la sita, nikasema mto upo. Sikudhani mji mkubwa hivi ungekosa kitu kidogo kama mto.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka watatu, mimi, Mama na Neema, kwa gari la kuazima. Marshalltown, katikati ya mji, nikamwonyesha Mama sanamu za swala wanaoruka juu ya maji. Ni nzuri, lazima nitende haki.

"Maji haya yanatoka wapi?" Mama akauliza.

"Bombani, Mama."

"Yanaenda wapi?"

"Yanarudi bombani."

"Ndiyo maana swala wanayakimbia."

Saa tano tulikuwa Soweto, chini ya minara miwili iliyopakwa rangi, ambako watalii hufungwa kamba na kujitupa.

"Hawa wamehukumiwa kwa kosa gani?"

"Wamelipa wenyewe, Mama."

Akawaombea. Nikaingia spaza moja, duka la mtaani la Mburundi, kuulizia mto, nikamwambia tumetoka Kensington. Alicheka hadi akashika kaunta. "Eish, kaka! Hapa watu walifuata dhahabu, si maji. Kimto kipo, lakini ni huko huko nyuma ya Kensington kwenu."

Kumbe tulivuka mji mzima kuukimbia mto wa jirani. Mimi, kiongozi wa watalii hodari kabisa.

Saa tisa tukaufikia. Kwa haki, ulikuwa unatiririka. Ulikuwa pia na mifuko, kiatu kimoja na harufu. Waumini wenye kanzu nyeupe waliimba kando yake. Mama akaanza kuvua viatu, nami nikapiga hesabu: akiukataa, mtoto ameondoka, akiukubali, mtoto anatumbukizwa humu.

Neema akatutangulia, akawasalimu kwa Kizulu. Mwanamke mmoja akamkumbatia. Ndiye anayeuza mahindi ya kuchoma mbele ya shule ya Neema. Wakaongea, wakacheka, kisha Neema akamgeukia bibi yake na Kiswahili chake kinachochechemea:

"Koko, anasema usiingie. Bomba ya choo ilipasuka jana. Anasema juu kule kuko maji safi. Nikibatizwa atanishika mkono, ananijua."

Mama akarudisha viatu miguuni polepole. Nyumbani alimwita mke wangu. "Mwambie mchungaji aje kwenye yale maji ya juu. Na yule muuza mahindi aje. Mtoto huyu ana watu hapa. Kindu ana mimi tu."

Nilichojifunza ni kwamba niliuzunguka mji nikionyesha vitu, na aliyemshawishi Mama ni mtu. Au labda alichoka tu na uongozi wangu. Sitaki kujipa sifa. Nilipopita chumbani, mke wangu alikuwa anatoa nguo za Neema kwenye sanduku alilokuwa amelifunga kwa safari ya Kindu, moja moja, akizikunja upya.