Saa ya Kuazimana

Bi Mwamini wa Kibuta alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliipenda na binti yake aliiogopa: hakujua kunyima. Ukitaka kinu, chukua. Ukitaka mbuzi ya kukunia nazi, ipo nyuma ya mlango. Kanga yake mpya, bado inanukia duka, ilishakwenda harusini Maneromango kabla mwenyewe hajaijaribu kiunoni. Kwa hiyo binti huyo, Firdausi, alipomletea saa ya kupima mapigo ya moyo, mtu yeyote mwenye akili timamu angejua saa ile itaishia wapi. Firdausi alikuwa amesahau. Alikuwa ameshakaa sana Mbwawa, kule Kibaha, kwenye mitaa mipya ambako kila nyumba ina geti lake na kila mtu anatwanga vyake.

Huyu Firdausi alikuwa mkaguzi wa bidhaa katika kiwanda kimoja Zegereni, na huko siku hizi wakati wa chakula watu hawabishani mpira peke yake. Wanabishana usingizi. Mmoja kaacha sukari, mwingine anahesabiwa pumzi na simu, wa tatu anaapa kwamba kulala na taa kunachosha ubongo. Firdausi aliyasikia yote, akamkumbuka mama yake mwenye presha, anayemeza dawa pale tu anapoikumbuka, akaenda kununua saa.

"Mama, hii inausikiliza moyo wako mchana na usiku," alimwambia akimfunga mkononi. "Ikikaa karibu na ile simu yako ya kupangusa inaipa habari, na simu inanipa mimi kule Mbwawa. Usiivue."

"Hata nikienda chooni?"

"Hata chooni, mama."

Mzee Mwinyimadi, mumewe, alikuwa pembeni ananoa panga. Alikuwa mkulima wa mihogo na michungwa, na zao lake la tatu lilikuwa ubishi. "Sasa nyumba ina mpelelezi," alisema. "Saa gani haina hata mishale? Moyo wa mtu mzima unasomwa Mbwawa kama taarifa ya habari! Mimi moyo wangu haujawahi kutoa siri, na hauanzi leo."

Wiki haikuisha. Rukaya, muuza vitumbua, alikuja kuazima kinu akaondoka na saa. Alisema anataka tu kuonja kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Baada yake akaja Zuwena, jirani wa upande wa mnazini, mwanamke mnene na mcheshi ambaye ngoma ikilia kijiji cha tatu miguu yake huwa imeshafika. Naye akaonja. Kufika mwisho wa mwezi saa ilikuwa imezunguka mikono mingi kuliko tasbihi ya msiba, na kule Mbwawa binti wa watu anafuatilia afya ya mama yake kwa makini, masikini, hajui kwamba anafuatilia kitongoji kizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mbona siku hizi unaamka hata adhana bado? Kuna kitu kinakusumbua?"

Aliyekuwa akiamka ni Rukaya, anaumua unga wa vitumbua. "Mawazo tu, mwanangu," Bi Mwamini alijibu, kwa sababu hilo ndilo jibu lililokuwa karibu. Firdausi akatuma ujumbe mrefu wa sauti kuhusu msongo wa mawazo, jinsi ya kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, na faida ya kulala mapema. Bi Mwamini akampelekea Rukaya ausikilize. Rukaya akausikiliza akiwa jikoni anakaanga, na akasema kweli unasaidia, ila moshi unaingia puani.

Siku Zuwena alipoivaa kwenda kucheza ngoma ya mwali, simu ililia kabla saa haijapoa.

"Mama! Moyo umekwenda mbio alasiri nzima! Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafagia."

"Unafagia uwanja wa ndege, mama?"

Bi Mwamini alicheka, akabadilisha mazungumzo, akauliza bei ya sukari Mbwawa. Hakuona kosa. Saa haikupungua kwa kuvaliwa, na kila aliyeivaa alirudi na furaha. Tena hakurudi na furaha peke yake. Kibuta, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima sufuria unairudisha na kunde ndani. Ukiletewa futari kwenye bakuli, bakuli linarudi na embe. Majirani waliiona saa kama chombo kingine chochote, kwa hiyo ilikuwa inarudi juu ya sahani: imezungukwa na vitumbua, au imelala juu ya bamia, siku moja ilinata utomvu wa fenesi hadi ikabidi kuifuta kwa mafuta ya taa. Mzee Mwinyimadi aliendelea kuisema saa vibaya, lakini mapato yake aliyala bila kinyongo.

Jumanne na Ijumaa alasiri ndizo siku saa ilizopumzika. Bi Mwamini alikuwa na darasa la akina mama msikitini, na saa iliwahi kutetemeka katikati ya dua, ustadhati akamtazama jicho la kumtosha mwaka mzima. Toka hapo akawa anaitundika kwenye msumari chumbani. Mara nyingine akirudi alikuta mkanda umelegezwa hadi tundu la mwisho. Zuwena huyo kapita, alijisemea, na ule mkono wake.

Jumamosi moja asubuhi bodaboda ilisimama mbele ya nyumba, na Firdausi akashuka na vumbi hadi kwenye kope. Hakuwa amesema kwamba anakuja. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu, halafu akaanza kulia.

"Saa imetoa onyo, mama. Jumanne alasiri, na jana Ijumaa tena. Inasema mapigo hayana mpangilio, yanakwenda, yanaruka, yanasita. Saa si daktari, inaweza kukosea, lakini ikirudia hivi ni lazima upimwe. Ndiyo njia ya kiharusi hiyo. Jitayarishe twende Kibaha leo hii."

Bi Mwamini akajitazama miguu. Neno kiharusi lilikuwa na historia nyumbani kwake. Shemeji yake, mdogo wa Mwinyimadi, aliangukia shambani na hakusema tena hadi anazikwa. Angeweza kunyamaza tu. Angekwenda Kibaha, angepimwa, angeonekana mzima, wakarudi wanacheka. Na hapa Kibuta kuna mtu angebaki na moyo ule kifuani, anaendelea na shughuli zake, hajui. Hilo lilimtia hofu kubwa kuliko hasira za binti yake.

"Huo moyo si wangu," alisema.

Akaeleza. Firdausi alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo mimi usiku wote huo nilikuwa namlaza mapema nani?"

"Rukaya. Anakushukuru sana."

Firdausi hakujua acheke au apige kelele, akafanya vyote viwili. Kisha akafuta macho. "Sasa Jumanne ilikuwa kwa nani? Mama, fikiri. Huyo mtu tumpate leo."

Rukaya na Zuwena waliitwa, wakaja na wengine ambao hawakuitwa, wakakaa mkekani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa anakumbuka siku zake. Zamu za saa hazikuwa na mpango, alivaa aliyepita. Bi Mwamini akafumba macho, na akili yake ilipogoma akaligeukia tumbo, maana tumbo lake halikuwahi kumdanganya.

"Jumatatu tulikula vitumbua. Basi ilikuwa kwako, Rukaya. Jumatano bamia, Zuwena huyo. Alhamisi fenesi, Zuwena tena."

"Fenesi lilikuwa tamu?" Zuwena aliuliza.

"Nyamaza kwanza. Jumanne..." Akahesabu kwa vidole. "Jumanne tulikula ugali na kisamvu. Kisamvu changu mwenyewe, nilikitwanga mimi. Na jana wali, nilipika mimi. Sahani hazikuja."

Mkekani pakazuka mtafaruku. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyejali ugonjwa, walijali adabu. Nani huyo wa kurudisha chombo cha watu kitupu, tena mara mbili? Zuwena aliapa kwa wazee wake wote waliolala makaburini. Rukaya akasema labda mgeni, watu wa kuja hawajui desturi.

"Zuwena, hukuigusa hata pale msumarini? Maana mkanda nilikuta umelegezwa."

"Bi Mwamini, Jumanne mimi nilikuwa darasani, nimekaa nyuma yako. Jana vilevile. Ulisinzia, nikakufinya."

Kweli alimfinya. Bi Mwamini alikumbuka hata maumivu. Akaanza kufikiri upya, polepole. Saa ilikuwa chumbani. Chumbani kwake haingii jirani. Na katika nyumba kuna mtu mmoja tu asiyerudisha sahani wala kujaza bakuli, kwa sababu vyombo vyote anavihesabu ni vyake.

Akainuka, akaichukua saa, akazunguka nyuma ya nyumba. Mzee Mwinyimadi alikuwa kwenye kigoda anachambua machungwa, na aliposikia msafara wa wanawake unakuja alijifanya amezama kazini.

"Baba Firdausi, lete mkono."

"Mkono wa nini?"

Akamvalisha saa. Mkanda ulikaa kwenye tundu la mwisho kana kwamba umezaliwa hapo. Wanawake wote wakasema "Haa!" kwa pamoja.

Mzee alitazama saa, akatazama machungwa, akamtazama binti yake, na ubishi wote ukamtoka. Alionekana mzee kuliko jana.

"Nilitaka kujua tu kama na mimi inanisikia," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna kitu humu kifuani, kinarukaruka kama kifaranga aliyefunikwa na tenga. Toka masika. Marehemu mdogo wangu alikuwa akiniambia hivyo hivyo. Nikaona nikisema kitakuwa kweli."

Bi Mwamini aliogopa, na kwa kuwa aliogopa, akagomba. Toka masika! Anakula mafenesi ya watu, anaicheka saa, kumbe ndiye mgonjwa! Firdausi akasema, "Baba, twende hospitali." Mzee akatikisa kichwa. Ameshasema inatosha, hospitali ni ya watu walioshindwa, atakunywa mizizi, Mungu mkubwa. Firdausi akabembeleza. Akatikisa kichwa tena.

Hapo Bi Mwamini akaacha kugomba. Akafunga kanga vizuri.

"Mwinyimadi bin Hashiru," alisema, na watu wakajiweka sawa, maana jina zima la mume halitamkwi bure. "Uliazima chombo changu. Umekirudisha kitupu, mara mbili. Mashahidi hawa hapa. Rukaya mjane hakurudisha kitupu. Zuwena na njaa zake hakurudisha kitupu. Wewe mwanamume wa nyumba unataka kunidhulumu?"

"Chukua machungwa. Yote hayo."

"Sitaki machungwa. Nataka ukapimwe Kibaha. Hicho ndicho nitakachopokea."

Mzee alitafuta msaada kwenye nyuso zilizomzunguka. Hakuupata. Zuwena alikuwa amefunga mikono kifuani, na uso wake ulisema habari hii itafika Maneromango kabla ya magharibi. Mtu anaweza kubishana na daktari, na binti, hata na saa. Kuitwa mrudisha chombo kitupu Kibuta hii, hapana. Akaomba kanzu yake.

Hospitalini alipokelewa na Daktari Magembe, Msukuma mrefu, ambaye alisoma jina kwenye karatasi, akamuuliza anatoka wapi, na alipojua amempata Mzaramo halisi, mtani wa kabila lake, akasahau kabisa kwamba yuko kazini. Alimbandika nyaya kifuani, akatazama mstari unaochorwa na mashine.

"Mtani, nilidhani nimepata mgonjwa. Kumbe moyo wako unacheza mdundiko!"

"Bora ngoma," mzee alijibu akiwa amelala chali. "Wako ungefunguliwa wangetoka ng'ombe."

Walicheka hadi mashine ikachora vibaya, ikabidi kipimo kirudiwe. Kisha daktari akaacha utani, akavuta kiti. Moyo kweli ulikuwa umepoteza mpangilio, alisema. Ukipiga hivi damu hutuama ndani yake na kuganda, na donge likipanda kichwani ndicho kiharusi. Zipo dawa za kuzituliza mbio zake na za kuzuia damu isigande, lakini zinamezwa kila siku, si pale mtu anapozikumbuka. Hapo Bi Mwamini akaangalia dirishani.

"Mmewahi," daktari alimaliza. "Wengi naletewa wakiwa wamebebwa."

 Njiani kurudi Bi Mwamini alimshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi, na mzee hakuutoa.

Sasa hivi ukipita Kibuta utawakuta asubuhi wanameza dawa pamoja, Bi Mwamini za presha, mzee zake, wakitazamana mdomoni kama mahasimu wanaokaguana kwenye karata. Saa ikahamia kwa mzee. Majirani wakiiomba wanaambiwa kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile kwamba haipo, na wanaelewa. Firdausi anapiga simu: "Baba, jana umelala vizuri." Mzee anajibu kwamba taarifa ya habari imesema kweli.

Ijumaa iliyopita Bi Mwamini alirudi kutoka darasani akakuta sahani mlangoni pa chumba. Ndani yake machungwa yamemenywa vizuri, yote, na katikati saa imelala.

"Chombo chako hicho," mzee alisema kutoka barazani, bila kugeuka. "Nimekaa nacho vya kutosha. Mtu asije akanisema."

Bi Mwamini alikaa pembeni yake, akala chungwa moja, akala la pili. Yalikuwa matamu. Kisha akaichukua saa, akaifuta maji ya machungwa kwa ncha ya kanga, akaufunga mkanda kwenye mkono wa mumewe, tundu la mwisho.

"Machungwa nimepokea," alisema. "Saa bado hujamaliza kuiazima."