Mchungaji Alibaki Nje ya Minyaa

Juzi sokoni Karatu niliona ndoo ya koki, zile za kunawia mikono wakati wa korona, imejaa maharage ya kuuza. Nilimshusha muuzaji bei mara mbili, kama kawaida yangu, lakini akili ilishakwenda nyumbani kwa bibi.

Mchana mmoja wa siku zile za korona, bibi alikuwa akikohoa jikoni na moshi wa kuni ukinuka hadi uani. Mchungaji akaja na unga na sabuni, akaviweka juu ya jiwe, akabaki nje ya ua wa minyaa.

"Karibu ndani, Mchungaji, chai iko tayari!" bibi akaita.

"Leo nitasimama hapa hapa, mama."

Kwetu, mgeni anayekataa kuingia ana kesi na mwenye nyumba. Nikajua bibi ametengwa na kanisa kwa ile pombe ya mtama aliyopika harusini. Jirani yetu aliyetengwa alizikwa bila hata wimbo mmoja. Nikakamata kuku, nikatoka mbio.

"Mchungaji, chukua huyu, umrudishe bibi kundini."

"Mbona hajatoka kundini, mwanangu?"

Nikadhani anapandisha bei. "Basi naongeza na jogoo."

Akacheka ndani ya barakoa yake ya kitenge. Leo najua alikuwa ametoka kuwaombea wagonjwa, akaogopa kumwambukiza bibi. Siku ile sikujua. Mvua ikaanza, naye akaanza wimbo, na bibi akaitikia kutoka mlangoni huku akikohoa. Hakuna aliyesogea. Nilisimama katikati yao nikishindwa kuelewa aliyetengwa ni nani: bibi aliye pakavu, au Mchungaji anayelowa.